Nguzo ya Mabasi ya Dodoma

Mkaa ukiufuta kwa kitambaa kibichi umeharibu ukuta. Maji yanaulainisha, unaingia ndani ya rangi, na herufi moja inageuka doa la ukubwa wa sahani. Unaanza na brashi kavu, unapangusa kutoka juu kwenda chini, halafu kitambaa kikavu, na sabuni inakuja mwisho kabisa. Nililijua hilo wiki yangu ya kwanza kazini, baada ya kuharibu ukuta mzima wa choo cha wanawake. Maka peni inataka tina, ile ya kuyeyushia rangi. Yaliyokwaruzwa kwa msumari hayatoki kwa dawa yoyote, hayo unayaziba.

Kazi hiyo niliifanya miaka sita, kwenye stendi moja ya mabasi mjini Morogoro. Stendi yenyewe sitaitaja, maana niliowakuta pale wengi bado wapo. Niliajiriwa na kampuni ya usafi. Wenzangu walifagia na kudeki, mimi nikapewa maandishi. Msimamizi alinichagua kwa kuwa nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, akaona mtu anayesoma vizuri hatapitwa na kitu. Kanuni yake ilikuwa moja: maandishi yasilale. Aliamini kwamba neno likilala usiku mmoja ukutani, kesho yake yatakuwa matatu, na katika hilo alikuwa sahihi kabisa.

Watu waliandika majina ya wapenzi wao, timu za mpira, namba za waganga, matusi kwa makondakta, aya za dini zote mbili. Nyuma ya kiti kimoja cha kusubiria niliwahi kukuta mtu ameandika kwa kalamu ya wino, herufi ndogo nzuri: nimeolewa jana na sitaki. Nilipiga picha, nikafuta, nikapiga picha nyingine, nikazituma zote mbili kwa msimamizi. Ndivyo tulivyotakiwa, picha ya kabla na picha ya baada. Mwaka wa kwanza nilisoma kila kitu na mengine yalinikosesha raha mpaka nyumbani. Kufikia mwaka wa tatu nilikuwa sisomi tena. Niliona uchafu tu, na kazi ilikwenda haraka zaidi.

Mwaka wa tano, masika yakiwa yamekolea, yakatokea maandishi ya mkaa kwenye nguzo ya mabasi ya Dodoma. Yalikuwa kwa herufi kubwa, za mkono usiozoea kuandika: MWALIMU DADA YAKO NIPO USIPANDE GARI PIGA. Chini yake palikuwa na namba ya simu. Nikafuta. Siku tatu baadaye yalikuwa pale pale. Nikafuta tena. Wiki iliyofuata vilevile, na iliyofuata, mpaka ile namba ikaniingia kichwani bila mimi kutaka, kama tangazo la redioni.

Msimamizi alidhani ni mpiga debe mmoja anatutania. Akaniagiza niwahi asubuhi, nikae karibu na nguzo, nimjue mtu huyo. Asubuhi ya tatu nikamwona. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mtandio umelowa manyunyu, tenga tupu miguuni. Alifungua fundo la kanga yake, akatoa kipande cha mkaa, akaanza kuandika polepole huku midomo ikitamka kila herufi. Nikamwamkia kwanza, maana mkubwa ni mkubwa hata umkute kwenye kosa. Akaitikia marahaba bila kugeuka.

"Mama, hapa hairuhusiwi kuandika."

"Najua, mwanangu. Wewe ndiye unayefuta?"

Nikamjibu ndiye mimi.

"Unafuta vizuri," akasema. "Mpaka najiuliza kama kweli niliandika."

Alizungumza kwa lafudhi ya milimani, ile ya Waluguru wa juu kabisa, anayoshuka nayo mtu anayeleta mboga sokoni na kurudi siku hiyohiyo. Tulikaa kwenye ukingo wa njia ya abiria akanieleza. Mwalimu alikuwa mdogo wake, wa mwisho kwa mama yao. Alifundisha shule ya msingi mkoa wa mbali miaka mingi, halafu akaanza kuumwa kichwa kisichotulia kwa panadoli. Alisikia watu wasiokuwepo, akaacha kulala, akaacha kazi. Dada alimfuata, akamrudisha nyumbani mlimani, akakaa naye miaka minne. Alilima naye karoti, alimpa dawa zake, na alikuwa mtu mtulivu isipokuwa mvua zinapoanza. Mvua za mwaka ule zilipoanza waliandikiwa kwenda hospitali Dodoma. Walifika stendi mapema. Dada akaenda chooni, akamwacha mdogo wake ameegemea nguzo, tiketi zote mbili mkononi. Aliporudi hakumkuta. Basi lilikuwa halijaondoka. Alilipekua kiti kwa kiti, hakuwemo.

Alikuwa ameshakwenda polisi. Msikitini walitangaza, na redio ya mjini ilimtaja mara mbili: mrefu, mwembamba, kovu la moto shingoni upande wa kushoto. Nikamuuliza kwa nini basi aandike ukutani.

"Kwa sababu anasoma," akasema. "Wewe ukipita, unapita. Yeye husimama. Mfuko wa saruji, kopo, gazeti la kufungia maandazi, anasoma kwa sauti mpaka mwisho ndiyo anaondoka. Ukimwita hasikii. Ukimwandikia atasimama."

Nilimuuliza kuhusu karatasi. Alikuwa amezibandika, zikachanwa au zikafunikwa na matangazo mengine kabla ya adhuhuri. Moja aliipeleka ofisini na ofisi iliipokea vizuri, ikaiweka kwenye ubao wa kioo ghorofani, pamoja na matangazo ya zabuni, mahali ambapo abiria hafiki.

Nilifanya kitu ambacho kazini kwetu mtu angefukuzwa nacho. Nilimwambia aandike upande wa nyuma wa nguzo, chini, unaotazama ukuta, na nikampa maka peni yangu ili mvua isiyaondoe. Kuanzia siku ile nilipiga picha pande tatu za nguzo. Ya nne niliiacha. Mtu akiongeza neno lolote karibu nayo, nalifuta hilo na kuliacha lile. Hali hiyo ilidumu wiki tano. Kila Jumanne na Ijumaa, akishamaliza sokoni, yule mama alikuja, akazunguka nguzo, akayatazama maandishi yake, akaondoka. Wakati mwingine aliniachia fungu la karoti. Nilijiona nimefanya jambo la maana, na nilifurahia kujiona hivyo.

Kisha tukaambiwa kuna ugeni mkubwa unakuja. Stendi nzima ipakwe upya: kutoka chini mpaka usawa wa bega rangi ya mafuta, bluu nzito, inayong'aa, ambayo mkaa haushiki na maka peni inafutika kirahisi. Wazo lilikuwa langu. Nililitoa mwaka uliotangulia, kwenye kikao, nikapigiwa makofi.

Msimamizi alizunguka nguzo moja moja akizitia alama kwa chaki, akayakuta. Aliniita. Hakuwa mtu mkatili; alikuwa mdogo kuliko mimi, mtu wa shati lililopigwa pasi, na aliwaogopa wakubwa wake kama mimi nilivyomwogopa yeye. Alifungua simu, akazipitisha picha zangu za wiki tano mbele ya macho yangu, pande tatu, pande tatu, pande tatu.

"Dada, umenifanya mjinga," akasema.

Nilimweleza habari ya mwalimu. Alinisikiliza mpaka mwisho, nikaona limemgusa. Alisema nguzo hii akiiachia, kesho atamkatalia nani? Alisema ugeni ukishaondoka tutaandika barua, tuombe ubao maalumu. Lakini leo, ama nipake rangi ama nirudishe sare. Nilikuwa na watoto wawili na sikuwa na kazi nyingine. Nikaenda kuchukua kopo la tina.

Maka peni ukiipaka rangi juu yake bila kuiondoa hujitokeza tena baada ya siku chache. Kwa hiyo niliifuta kwa tina mpaka kitambaa kikatoka safi, nikapiga msasa, nikaosha, nikaacha pakauke, ndipo nikapaka. Nguzo ile niliipaka vizuri kuliko zote. Sijui kama ni hasira au aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikusudia kumpigia simu dada yake nimwambie. Siku ile sikumpigia, na iliyofuata pia.

Siku ya pili tulikuwa tunaweka mkono wa pili wa rangi, wageni wakisubiriwa kesho yake. Nilikuwa nimening'iniza maboksi kwenye nguzo zote: RANGI MBICHI. USIGUSE. TAFADHALI PITA UPANDE WA PILI. Macho yalikuwa yananiwasha kwa tina na mgongo ulikuwa si wangu tena. Nikiwa kwenye nguzo ya jirani, nikasikia mtu nyuma yangu anasoma.

"Rangi mbichi. Usiguse. Tafadhali pita upande wa pili."

Ilikuwa sauti safi, yenye vituo, ya mtu aliyezoea kusikika mpaka dawati la nyuma. Nikageuka. Nikamwona mwanamume mrefu, ndevu zimesokotana, koti zito limekazwa kola mpaka juu, magoti yametoboa suruali. Alikuwa amezunguka nyuma ya nguzo ya Dodoma, ameinama, na kiganja chake chote cha kulia kimezama kwenye rangi. Nimejiuliza mara nyingi kama aliwahi kuyaona maandishi yale siku nyingine, akakosa simu ya kupigia, akarudi kuyatafuta. Sijui. Ninachojua ni kwamba aliweka mkono pale hasa yalipokuwa.

"Si umesoma mwenyewe?" nikamwambia. "Sasa mbona unashika?"

Aliutoa mkono, akautazama, akanitazama mimi.

"Samahani, mwalimu," akasema.

Nilimwita mlinzi amtoe kabla hajashika na nguzo nyingine. Mlinzi alimshika kiwiko, naye akaenda bila ubishi. Nikachovya brashi, nikainama kuziba alama ya kiganja. Nilikuwa nimeshaziba vidole vyote, limebaki gumba, ndipo nikajua nilikuwa nikizungumza na nani. Sikuwa nimeliona kovu, kola ya koti ililifunika. Sauti ndiyo iliyonijia, ile ya kusoma mpaka mwisho.

Nilikimbia mpaka getini. Mlinzi alisema ameelekea Msamvu, barabara kuu. Kwenye bomba la geti palikuwa na bluu. Hatua hamsini mbele, kwenye nguzo ya alama ya barabarani, palikuwa na bluu nyingine, vidole vitatu. Baada ya hapo sikuona kitu. Nilisimama pale magari yakinipita, nikatoa simu, nikabonyeza namba ile bila kuitafuta popote.

"Mama," nikasema, "ni mimi ninayefuta."

Alishuka jioni ileile, kwa bodaboda, mvua ikinyesha. Nilimwambia ameonekana stendi, amepita getini. Sikumwambia yaliyobaki. Siku mbili zilizofuata sikwenda kazini; tulitafuta. Tulikwenda stesheni ya treni, sokoni, misikitini, tukafika Mazimbu, tukaulizia kila kijiwe cha bodaboda. Asubuhi ya siku ya pili nilichukua kopo la rangi iliyobaki na brashi ndogo, tukafuata barabara ya Iringa kuelekea Mzumbe. Kwenye kila kibanda cha abiria niliandika maneno yake yaleyale, na namba, juu ya ukuta wa zege, kwa rangi ambayo nilijua kuliko mtu yeyote jinsi ilivyo ngumu kuiondoa. Vilikuwa vibanda vitano. Waliokuwa wakisubiri gari walinitazama tu. Msichana mmoja, mwanachuo kwa mavazi yake, aliniuliza natangaza biashara gani.

Alasiri simu ya mama ikaita. Alikuwa muuza mahindi ya kuchoma kwenye kimoja cha vile vibanda. Alikuwa ameyasoma maandishi baada ya sisi kuondoka, akakaa nayo kwa muda, kisha akaamua kupiga. Alisema juzi, jua likizama, kuna mtu alikuwa akitembea juu ya mstari mweupe, katikati ya barabara, akisoma kwa sauti vibao vya magari yanayopita. Lori lilijaribu kumkwepa, halikuweza. Mwili ulichukuliwa kupelekwa mjini. Hakujua ndugu zake ni akina nani, ndiyo maana alinyamaza.

Juzi ilikuwa siku ile ya rangi. Tulipoanza kutafuta alikuwa ameshakufa, na geti la hospitali tulikuwa tumelipita mara nne.

Alizikwa kwao, mlimani, kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake. Pikipiki zilitufikisha zinapofika, tukapanda kwa miguu kilichobaki, njia imekuwa tope. Wanaume walikuwa wanamwosha nyuma ya nyumba, pamezungushiwa mikeka na kanga. Sisi wanawake tulikuwa jikoni na ndani. Mmoja wa waoshaji, mzee, akaja kwenye mlango wa jiko, akashusha sauti. Alisema kuna rangi mkono wa kulia, imeshika kwenye kiganja na kucha, wamesugua kwa sabuni haitoki, na maji hayafiki kwenye ngozi inavyotakiwa. Aliuliza kama kuna mwenye kujua la kufanya.

Wanawake walitazamana. Mmoja alitaja majivu, mwingine ndimu.

"Mafuta ya taa," nikasema. "Kitambaa laini. Msimsugue. Lowesheni, acheni kidogo, halafu futeni kuelekea kwenye kucha. Sabuni mwisho."

Wakamimina mafuta ya kibatari kwenye kikombe, mzee akaondoka nacho. Baada ya muda akarudi mlangoni, akasema imetoka yote, akaniambia ahsante. Nikamjibu ahsante na wewe, kama ninavyomjibu msimamizi akinisifia ukuta. Aibu ya jibu lile ninayo mpaka leo.

Dada yake alikuwa ameketi kwenye mkeka kwenye kona. Alikuwa amesikia kila neno, na alikuwa amenitazama tangu rangi ilipotajwa. Jeneza lilipoondoka na wanaume kwenda makaburini, akaniita nje, kwenye ukingo wa shamba la karoti. Mji ulikuwa chini yetu, umefunikwa na wingu, hauonekani. Nikamweleza yote. Nilimwambia nilifuta, nilipaka, nilikuwa pale, alisoma boksi langu, na kwamba mimi ndiye niliyemwita mlinzi.

Hakulia.

"Alisoma?"

"Alisoma, mama."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Sauti yake ilikuwa inakwama, au ilikuwa nzuri?"

"Ilikuwa nzuri. Kama yuko darasani."

Akatikisa kichwa taratibu. Baadaye akasema chakula kipo, nile, halafu nishuke kabla mvua haijarudi njiani. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuwa na uso wa kuomba.

Wageni walikuwa wameshakuja na kuondoka. Nilisikia walisifia usafi. Msimamizi alipoambiwa yaliyotokea alifunga mlango wa ofisi yake, akatoka mchana, macho mekundu, akaniambia tuandike ile barua. Tuliandika pamoja: tunaomba ubao mmoja mweusi karibu na njia za abiria, kwa watu waliopotelewa. Nakala yetu ilirudi na muhuri wa kupokelewa. Jibu halikuja. Yeye alihamishwa mwaka uliofuata, mimi nikaendelea na kazi. Kwenye rangi ya mafuta kazi ilikuwa nyepesi, kitambaa kimoja na sabuni, na baadhi ya siku nilikuwa sina cha kupiga picha.

Kiangazi dada yake alinipigia. Nilipoiona namba nilitaka kuiacha iite. Alinisalimia vizuri, akaniulizia watoto. Kisha akasema watu wanampigia. Wamesoma kwenye vibanda, wanasema wamemwona mtu wa namna hiyo Mikumi, wengine Makambako, wengine wanataka nauli wamlete. Anawaambia ameshazikwa. Lakini kila simu inapoita, kabla hajajibu, kuna dakika ndogo anaamini.

"Nenda kayafute, mwanangu," akasema. "Wewe unajua."

Nilikwenda siku yangu ya mapumziko, na tina, msasa na brashi ya waya. Rangi ilikuwa imeingia kwenye zege. Kibanda cha kwanza kilinichukua asubuhi nzima, na viganja vilichubuka mpaka nikavifunga kitambaa. Muuza mahindi alinitambua, akaniletea maji ya kunywa. Mpaka jua linazama nilikuwa nimemaliza vinne. Cha tano sikukikuta. Walikuwa wamekibomoa wapanue barabara, na kifusi kimeshazolewa.

Nilimpigia jioni ile nikamwambia imekwisha, akashukuru. Sikukuu ya Idd iliyofuata nilimpigia nimpe mkono wa Idd, nikaambiwa namba ninayopiga haipatikani. Sokoni wanaotoka kwao waliniambia ni mzima, amebadilisha laini, na mboga siku hizi zinaletwa na mkwewe. Namba mpya sikuiomba.